Kukaa Kimya Mbele za Mungu: Mwongozo wa Sala ya Kimya kwa Mkristo wa Visiwani

Nakaa chumba kimoja Ng'ambo, hapa mjini Unguja, ukuta kwa ukuta na majirani. Karibu na saa kumi na moja alfajiri adhana hutoka msikiti wa mtaani kwetu, na ya misikiti mingine hufuatia. Baada ya hapo bomba la uani hufunguliwa, ndoo zikagongana, mtoto wa watu akalia, na ikifika saa kumi na mbili pikipiki ya kwanza imeshawashwa. Katika upenyo huo ndimo nilimojifunza kusali bila kusema neno. Kwa muda mrefu niliona mtaa wangu ndio tatizo. Watawa wa zamani waliweza, nikawa najiambia, kwa sababu walikuwa na jangwa. Siku nilipoacha kuungoja mtaa unyamaze ndipo sala hii ilipoanza kunishika.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa mtu wa hapa hapa: mama anayelala chumba kimoja na watoto watatu, kijana anayeingia zamu hotelini, mwalimu wa skuli, muuza samaki, mstaafu aliyebaki peke yake na nyumba kubwa. Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri na Mpentekoste wote wamo. Utahitaji Biblia, mkeka au kiti, na dakika tano.

Kimya gani

Elia alipofika Horebu alipitiwa na upepo wa kuvunja miamba, tetemeko la nchi, kisha moto, na Bwana hakuwamo katika hivyo vyote. Baada ya moto ikaja "sauti ndogo, ya utulivu" (1 Wafalme 19:12). Sauti ndogo haimfikii mtu anayeendelea kusema. Mwenye Zaburi anasema, "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya" (Zaburi 62:1). Anamngoja, na kimya chake kina mwelekeo: kuna Mtu anayengojwa.

Naye Bwana wetu alifanya hivyo. Soma Marko sura ya kwanza polepole uone siku yake ilivyokuwa Kapernaumu: sinagogi, mkwe wa Simoni mwenye homa, kisha jioni mji wote umekusanyika mlangoni. Kesho yake alfajiri na mapema sana akatoka kwenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Hata huko Simoni na wenziwe wakamfuata, wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Nakutajia hilo makusudi. Wewe unayekatizwa sala na hodi, huna tatizo ambalo Yesu hakuwa nalo.

Bibi yangu aliyenilea Wete, Pemba, alikuwa na kawaida, msimu wa karafuu, ya kukaa ukumbini na jamvi mbele yake akichambua, karafuu huku, vikonyo kule. Nilikuwa nakaa kando yake saa nzima pasipo yeyote kati yetu kusema neno. Sikuwahi kufikiri kwamba bibi hayupo nami kwa kuwa hasemi. Sala ya kimya ni kukaa kwa namna hiyo na Mungu. Haiondoi sala ya maneno, wala Misa, wala ibada ya Jumapili, wala maombi ya kupaza sauti. Ila mtu anayesema tu siku zote, bila kukaa, uhusiano wake hubaki wa barabarani.

Kwanza, tafuta saa yako

Usichague saa kwa kufuata maisha ya watakatifu. Chagua kwa kuitazama nyumba yako. Kwa siku tatu andika nyumba inatulia lini. Nyumba nyingi za hapa zina nafasi tatu: alfajiri kabla ya bomba, mchana baada ya chakula wakati jua limewalaza watu, na usiku watoto wakishasinzia. Mimi napendelea alfajiri, kwa sababu usiku mwili umeshatumika, na sala ya usiku mara nyingi huishia kwenye mto. Isitoshe, sisi jua letu halihamihami. Mwaka mzima huchomoza karibu na saa kumi na mbili au nusu saa baadaye, kwa hiyo saa ukiishaizoea itakufaa Januari kama Julai.

Wapo Wakristo wanaolalamika kwamba adhana inawakatiza. Mimi naiona vingine. Sala yangu ni ya Kikristo, kwa jina la Yesu, na sichanganyi. Lakini jirani yangu akiwa ameamka gizani kumwabudu Mungu, sioni kwa nini nigeuke upande wa pili nilale. Adhana imekuwa kengele yangu. Huniamsha, nangoja imalizike, nanawa uso, nakaa.

Mwenye zamu zinazobadilika asifunge sala yake na saa. Aifunge na tendo. Baada ya kuoga, kabla ya kuvaa sare. Wanaolima mwani pwani ya mashariki na wavuvi wanalijua hili kuliko wote, maana kazi yao hufuata maji, na maji husogea kiasi cha dakika hamsini kila siku. Kama unafuata maji, sali kabla ya kushuka pwani, ziwe saa ngapi.

Ukishachagua, usibadilishe kwa wiki sita. Utashawishika kubadilisha wiki ya pili, utakapoona hakuna kinachotokea.

Pili, mahali

"Ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako..." (Mathayo 6:6). Wengi wetu chumba cha ndani ndicho hicho hicho cha nje. Usivunjike moyo. Chagua pembe moja ya chumba, ielekee ukutani, tandika mkeka au weka kigoda, na pembe hiyo isitumike kwa jambo lingine saa hiyo. Msalaba mdogo au picha takatifu ikikusaidia, weka. Ukiweza kujifunika kanga au shuka mabegani, fanya hivyo. Mwili hujifunza haraka kwamba kanga hii ikivaliwa, ni wakati wa kutulia.

Waambie watu wa nyumbani. Hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtu wetu akikuona umekaa peke yako umenyamaza, kwanza atafikiri unaumwa au mmegombana. Mimi hutundika kanga nyekundu mlangoni. Jirani yangu, Mwislamu, alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Jirani, kwema? Mbona umejifungia?" Nikamweleza kwamba huwa nakaa na Mungu kidogo asubuhi. Tangu siku ile husikia akiwakemea wanawe uani: "Teremsheni sauti, jirani anasali." Sijapata msaada mkubwa kuliko huo katika jambo hili, hata kutoka kanisani.

Ukihitaji mahali pengine, makanisa yetu ya zamani yanafaa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Minara Miwili, lina kivuli na dari ndefu inayotuliza macho. Mbweni, ambako wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliwaweka watu waliokombolewa utumwani, kanisa la Mtakatifu Yohana lingali linatumika, na magofu ya skuli ya wasichana bado yamesimama karibu na bahari.

Lakini mahali pa kukaa kimya kuliko pote Zanzibar, kwangu mimi, ni Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni. Kwa mapokeo, hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nje, shimoni, zimo sanamu za watu waliofungwa mnyororo, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Nenda mapema, kabla watalii hawajajaa, ukae benchi la nyuma. Usiombe chochote. Walisimama watu pale ambao hakuna aliyewauliza neno.

Na mahali hapo hunifundisha jambo ambalo lazima nilinene kabla hatujaendelea. Kipo kimya anachokichagua mtu, na kipo kimya anachobandikwa. Nimesikia mwanamke anayepigwa nyumbani akiambiwa na mkubwa wa kanisa, "Nyamaza, mwachie Mungu." Hiyo si sala ya kimya. Huko ni kuficha dhambi ya mwingine. Anayedhulumiwa anene: kwa padri au mchungaji mwenye busara, kwa sheha, polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Mungu aliyesikia kilio cha Waisraeli Misri hakuwaambia wanyamaze. Atakayekupa mwongozo huu ili uvumilie kipigo, mrudishie.

Tatu, kaa

Simu izimwe. Kuiweka mtetemo hakutoshi, kwani utakuwa unaungoja mtetemo. Ukiitumia kama saa ya kukuamsha, iweke mbali kiasi kwamba huwezi kuifikia ukiwa umekaa, skrini chini, intaneti imezimwa.

Keti mgongo umenyooka, si kwa kujikaza. Sakafuni ukiweza, kitini kama magoti yanasumbua, miguu yote miwili ikigusa chini. Mikono mapajani, viganja vimefunguka. Wajawazito na wazee waegemee ukuta bila kuona vibaya. Fanya ishara ya msalaba kama ndiyo desturi yenu. Vuta pumzi mara tatu pole pole, kisha sema kwa sauti ya chini maneno ambayo Eli alimfundisha Samweli: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Mara moja tu. Halafu nyamaza.

Wiki ya kwanza na ya pili, dakika tano. Wiki ya tatu na ya nne, dakika kumi. Wiki ya tano na ya sita, kumi na tano. Baada ya hapo ishirini inatosha kwa mtu mwenye kazi na familia, na sikushauri uvuke nusu saa kabla hujapata mtu wa kukuongoza. Watu wenye bidii huanza na saa nzima siku ya kwanza, na siku ya nne huwaoni.

Nne, shika neno moja

Akili haiwezi kukaa tupu, wala hatuitaki iwe tupu. Inahitaji kitu kidogo cha kushika. Yohane Kasiano, aliyejifunza kwa watawa wa Misri katika karne ya 4, alipokea kwao mstari mmoja wa kurudiwa saa zote: "Ee Mungu, uniokoe, Ee BWANA, unisaidie hima" (Zaburi 70:1). Wakristo wa Mashariki wanayo Sala ya Yesu, iliyokua kutokana na kilio cha mtoza ushuru na cha Bartimayo kipofu: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi."

Jinsi ya kuitumia: ukivuta pumzi, sema moyoni, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", ukiitoa, "unihurumie mimi mwenye dhambi." Usiharakishe. Ikiwa ndefu, ifupishe: "Yesu, unihurumie." Ikifupika zaidi, libaki jina tu. Jina la Yesu peke yake ni sala kamili. Baada ya muda utaona neno lenyewe linapungua, na unabaki umetulia mbele zake bila neno. Hapo usilirudishe kwa nguvu. Akili ikitangatanga, ndipo ulichukue tena.

Kuna anayeuliza: hii si ile "kupayuka-payuka" aliyoikataza Bwana katika Mathayo 6:7? Bwana alikataza kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Sisi tunapunguza maneno. Na hatulirudii neno ili Mungu asikie, bali ili sisi tusiondoke.

Chagua neno lako siku ya kwanza na ukae nalo wiki zote sita.

Tano, mawazo

Hapa ndipo wengi huacha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dakika ya pili hivi utakumbuka ada ya mtoto. Kisha neno alilokutupia mtu juzi. Kisha utajiuliza kama umefunga gesi. Utakasirika kwamba huwezi kusali, na hasira yenyewe itakuwa wazo la nne. Dalili hizo si za kushindwa. Ni vitu vilivyokuwa ndani siku zote. Kelele za mchana zilikuwa zinavifunika.

Mtazame mvuvi wa mshipi usiku, ngalawa imetia nanga. Uzi umepita juu ya kidole chake. Maji yanauvuta uzi wakati wote: mkondo, mawimbi, majani. Mvuvi mgeni huvuta mshipi kila unapotikisika, na usiku kucha hutoa chambo mtupu. Mvuvi mzoefu anauhisi mkondo na anauacha upite, kidole hakiondoki uzini. Hagombani na mkondo, wala haufuati. Samaki akigusa, anajua.

Fanya vivyo hivyo. Wazo likija, lijue kwamba limekuja, usilipige wala usilikaribishe kiti. Rudi kwenye neno lako. Likija tena, rudi tena. Ukirudi mara hamsini katika dakika kumi, umesali mara hamsini. Kule kurudi ndiko sala yenyewe. Laiti mtu angeniambia hivyo mwanzoni, ningeokoa miaka.

Wazo likiwa la kazi ya kweli, kwa mfano umekumbuka dawa ya mgonjwa, weka karatasi na kalamu kando, andika neno moja, rudi.

Usingizi nao utakuja. Ukikuchukua kila siku, huo si udhaifu wa roho. Lala mapema, au sali ukiwa umesimama. Machozi yakija, yaache. Mtu akitulia baada ya miaka ya kukimbia, msiba wa zamani hupata nafasi ya kupanda juu, na kulia mbele za Mungu ni jambo jema. Lakini kama kila ukikaa unaingiwa na hofu kubwa, au kumbukumbu ya jambo baya inakutesa usiku na mchana, acha kukaa peke yako kwa muda, usali na mwenzako kwa sauti, ukamwone mtu wa kukusaidia. Na anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru asiambiwe kwamba ni majaribu ya sala. Apelekwe hospitali. Kwenda Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kutibiwa hakumwondolei mtu imani yake.

Kisha kuna ukavu. Wiki nzima, mwezi mzima, hakuna unachohisi. Wazee wa jangwani walikuwa na jibu moja. Abba Musa alimwambia ndugu aliyemwendea kutaka neno: nenda ukakae chumbani mwako, nacho chumba chako kitakufundisha yote. Hakumwahidi kwamba atahisi kitu. Alimwambia akae.

Sita, kimya pamoja na Neno

Baada ya wiki sita, mara mbili kwa wiki, badala ya neno moja tumia kifungu cha Injili. Guigo wa Pili, mtawa wa Wakartusi wa karne ya 12, aliueleza usomaji huu kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kukaa tu ukimtazama Mungu. Nakuonyesha kwa kifungu ambacho mtu wa visiwani hawezi kukisoma kama mtu wa bara: Marko 4:35 hadi 41.

Kisome kwa sauti, taratibu. Dhoruba kuu, mawimbi yanaingia chomboni, Yesu amelala shetri juu ya mto. Nyamaza dakika mbili. Soma tena, usikilize neno gani limekugusa. Huenda likawa "shwari kuu". Huenda likawa swali la wanafunzi: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Lichukue hilo tu, ulirudie moyoni.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba. Haikupita hata mwaka, 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Wapo kati yetu ambao upepo haukukoma kwa watu wao. Ukiwa mmoja wao, usiruke kwenda mwisho wa kifungu. Kaa na swali la wanafunzi. Lilitoka midomoni mwa watu waliompenda Yesu, alilisikia, na Roho Mtakatifu akaliacha liandikwe. Unaweza kukaa na swali hilo miezi mingi na ikawa hiyo ndiyo sala yako, hata kama hujafika kwenye shwari. Paulo anasema Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa" (Warumi 8:26).

Mara ya tatu kisome, kisha mwambie Mungu lolote lililokujia, kwa maneno yako. Mwisho funga Biblia, ukae dakika tano bila kufanya lolote. Kidato hiki cha nne hakifanyiki kwa bidii. Wakati mwingine hutolewa, wakati mwingine hapana.

Saba, kimya cha watu wengi

Pemba ina historia katika hili ambayo Wakristo wengi wa huku hawaijui. Mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki kutoka Uingereza, wale wanaoitwa Quakers, walianza kazi Pemba, wakaweka kituo Banani, upande wa Chake Chake, kwa ajili ya watu walioachwa huru. Desturi ya Marafiki wa Uingereza ni kuabudu kwa kukaa kimya pamoja, mpaka mtu aguswe na Roho aseme neno, au asitokee wa kusema hata mmoja. Si lazima ukubaliane na mafundisho yao yote ili ujifunze hilo kwao.

Katika jumuiya ndogo ndogo au kikundi cha maombi, jaribuni hivi. Viti au mikeka kwa duara, watu wasiozidi kumi na wawili. Mmoja anasoma mistari mitatu ya Zaburi, anatangaza, "Tunakaa dakika kumi." Hakuna kinanda, hakuna anayevuma wimbo, hakuna "amina" ya katikati. Dakika ya nne kutakuwa na kukohoa na kusogeasogea. Mwongozaji asiogope, asijaze nafasi kwa mahubiri. Mwishoni mseme pamoja Baba Yetu. Ndipo, kwa anayetaka, sentensi moja ya kilichomjia, na asijibiwe. Hiyo ya kutokujibu ni ngumu kwetu sisi watu wa baraza, na ndiyo inayofanya watu wathubutu kusema la kweli.

Watoto wanaweza dakika mbili. Waambie wasikilize sauti ya mbali kabisa wanayoweza kuisikia, kisha wamwambie Yesu jambo moja kimoyomoyo.

Nane, nusu siku ya mafungo

Mara moja kwa miezi mitatu, Kwaresima hasa, jitenge tangu saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Chukua maji, Biblia, daftari, mwavuli. Ukienda pwani, uliza maji yatajaa saa ngapi. Siku za bamvua pwani ya mashariki maji hupwa mbali sana na hurudi kwa haraka, na mtu aliyezama katika sala juu ya mwamba asiwe mzigo kwa wavuvi. Vaa mavazi ya heshima kwa kijiji. Ukipita penye watu, salimia, maana kimya chako si kiburi. Na wakikuuliza kulikoni, sema umekuja kupumzika na kumwomba Mungu. Watakuelewa mara moja. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele zao mchana.

Panga hivi: saa ya kwanza tembea pole pole bila kusoma. Saa ya pili, kifungu kimoja kwa vidato vinne. Saa ya tatu, kaa na neno lako dakika ishirini, tembea kumi, kaa tena ishirini. Iliyobaki, andika. Usipige picha.

Kutoka

Saa ikilia, usiruke kama mtu aliyekombolewa. Sema Baba Yetu pole pole, au Atukuzwe Baba. Andika mstari mmoja katika daftari: tarehe, dakika, na neno moja la hali yako. Usijipe alama. Baada ya miezi mitatu soma nyuma. Utaona jambo ambalo siku moja moja haikuonyesha, kwa kawaida katika namna unavyojibu watu ukichokozwa.

Ukikosa siku tatu, usilipe deni la dakika. Kesho anza tena na tano.

Kunja mkeka, washa jiko, na neno la kwanza la siku liwe salamu. Mimi hutoa kanga mlangoni, na jirani akiona mlango hauna kitu hugonga ukuta: "Jirani, umemaliza? Njoo, chai tayari."